Mkanda wa Siti ya Katikati

Mwanangu Ambwene alipokuja kuniambia anataka kununua gari, sikumuuliza la rangi gani wala la shilingi ngapi. Nilimuuliza, "Mkeo atakuja kulichagua?"

Akasema atakuja, tena ni yeye aliyeweka sharti kwamba hapandi gari ambalo hajalikagua kwa mikono yake.

"Basi na mimi nakuja," nikamwambia.

Akashangaa. Tangu tumzike mama yake nilikuwa sisogelei gari la mtu. Nikialikwa mbali naenda kwa baiskeli, na pasipofikika kwa baiskeli siendi. Lakini hakuuliza zaidi, akafurahi tu, akadhani baba yake ameanza kupona.

Hakujua ninachokitaka. Nilitaka kuwa mahali pamoja na mkewe. Asifiwe ndiye aliyekaa bega kwa bega na Marita wangu siku ya ajali. Neno la mwisho la mke wangu limo kifuani mwa yule binti, na mimi sijalisikia, kwa sababu yeye ni mkamwana wangu na mimi ni baba mkwe wake, na kwetu watu wa namna hiyo hawazungumzi.

Wageni wakiona hivyo hudhani tumegombana. Hatujagombana hata siku moja. Ni heshima ya Wanyakyusa, ya tangu zamani. Mkamwana haonani uso kwa uso na baba mkwe, hataji jina lake, hali chakula naye. Nikikaa barazani yeye anazungukia migombani. Asubuhi anapiga magoti nyuma ya ukuta wa jiko, ananisalimia, nami namwitikia nikitazama upande mwingine. Siku hizi wengi wameacha. Hapa hapa Ipyana wapo mabinti wanaopeana mikono na wakwe zao na kutaniana nao mezani, na kanisani hakuna anayewasema. Siwalaumu. Lakini Asifiwe alilelewa Busale na bibi yake, mwanamke wa kale kabisa, na alikuja kwetu na heshima hiyo kama wenzake wanavyokuja na makabati. Ningemwambia aache, ingekuwa kama kumwambia alichokileta hakifai.

Na wakati ule haikuwa shida, maana alikuwepo Marita.

Marita alikuwa Mkisi wa Lyulilo, binti wa mfinyanzi na yeye mwenyewe mfinyanzi. Alikuwa akitucheka waziwazi. "Nyie Wanyakyusa mna kazi," alikuwa akisema. "Mnaoa mtu kwa ng'ombe, halafu akifika mnamkimbia." Yeye ndiye aliyekaa katikati yetu. Maneno ya mkamwana yalipita kwake kuja kwangu, na yangu yalipita kwake kwenda huko, na kila yalipopita alikuwa akiyaongezea chumvi.

"Mkamwana wako anasema chumvi imekwisha," ananiambia. "Anasema pia ukome kuacha jembe mlangoni, tutakuja kung'oka kucha."

"Amesema hivyo yule binti?"

"La chumvi ni lake. La jembe ni langu."

Sasa chakula kinaletwa, kinawekwa kwenye kigoda, nasikia kikohozi kidogo, nasikia kandambili zikirudi jikoni. Ndiyo karibu yangu hiyo. Nyumba ina watu, moshi unafuka, mjukuu wangu anacheka huko nyuma, na mimi nakula nikitazama njia. Namtamani Marita mchana kweupe. Namtamani akija na kilo mbili za udongo chini ya kucha, ananifokea kwamba nimekalia kitenge chake. Mtu akifa watu wanakupa pole kwa mambo makubwa, eti umepoteza msaidizi, umepoteza nguzo. Mimi nimepoteza mtu wa kunitania. Kwa hilo hakuna anayenipa pole.

Ambwene aliniambia msibani, "Mama alikuwa amelala, baba. Hakusikia kitu." Akalisema mara moja tu, akaondoka haraka kwenda kupokea wageni.

Sikuamini. Marita hajawahi kulala ndani ya gari. Akipanda gari anakuwa dereva wa pili: punguza, kuna kuku, huyo mwenye baiskeli humwoni, wewe mtoto wa nani kwanza? Angelala vipi? Lakini ningemuuliza nani? Aliyejua alikuwa nyuma ya ukuta wa jiko.

Ngoja niseme ilivyokuwa, maana wakubwa walisema yao na yangu hayajaandikwa popote.

Tulikuwa tunakwenda Lyulilo kwenye harusi ya mpwa wake. Tukakodi teksi mjini Kyela. Asifiwe alikuwa na mimba kubwa, na kwa kuwa yeye alikuwa ndani ya gari, mimi sikuweza kuingia humo. Nikachukua bodaboda, nikawa nafuata nyuma. Ambwene alitangulia jana yake na mchele.

Mbele huko, mahali barabara inapokata kona baada ya migomba, lilikuwepo lori bovu. Lilikatika ekseli, likabaki nusu kwenye lami nusu kwenye nyasi. Utingo wake alikata matawi akayapanga barabarani kama inavyofanywa, ili watu wajue mbele kuna hatari. Siku ya kwanza matawi yalikuwepo. Baadaye yakaliwa na mbuzi. Lori likabaki bila tawi, bila taa, bila kitu cha kung'aa, na watu wakawa wanalikwepa. Wa kijiji walilikwepa. Wa kata walilikwepa. Wenye sare nyeupe walilikwepa, wakaenda kusimama mbele zaidi kwenye kivuli kuuliza watu leseni. Kuna mkubwa mmoja alipita pale na gari lake la vioo vyeusi akienda kuzindua choo cha shule, na yeye alilikwepa vizuri sana. Kila tulipouliza, jibu lilikuwa winchi haipo, winchi iko mbali, winchi ina mafuta lakini haina kibali.

Baada ya Marita kufa winchi ilipatikana. Tunarudi na jeneza kutoka mjini, lori limeshaondoka, pamefagiliwa. Yule mkubwa akatuma mtu na kreti za soda na maneno kwamba yuko pamoja nasi. Na karatasi ya wenye sare nyeupe ikasema uzembe wa dereva wa teksi, kijana aliyevunjika miguu yote miwili na hakuweza kwenda kujitetea. Teksi yenyewe ilikuwa na stika ya ukaguzi kwenye kioo cha mbele. Niliiona mwenyewe. Kioo kilikuwa kimevunjika chote na ile stika ikawa bado imeshikilia vipande. Nani aliikagua ile teksi? Alikagua nini? Mpaka leo nauliza.

Mimi nilifika nimechelewa. Watu walikuwa wameshawatoa, wamemlaza mke wangu kwenye majani ya migomba. Asifiwe alikuwa upande wa pili amezungukwa na wanawake. Yeye na mimba yake walikuwa wazima, kwa sababu alikuwa amefunga mkanda. Sikuweza kwenda kumuuliza. Akajifungua mwezi uliofuata, mtoto wa kike, wakampa jina la Marita. Namwita mke wangu, kama babu wengine wanavyowaita wajukuu. Nikimwita vile, nasikia jikoni sufuria zinanyamaza kidogo.

Basi ndiyo hali niliyokwenda nayo kuchagua gari.

*

Uwanja wa magari uko ukitokea mjini kwenda Ipinda, umezungushiwa bati. Ambwene alikwenda na mkewe kwa pikipiki, mimi nikaja kwa baiskeli. Muuzaji aliitwa Ambrose, kijana wa Mbeya mwenye maneno mengi na viatu safi.

"Karibuni wazee wangu, karibuni! Magari yote hapa ni mazima, yametoka Japani yakiwa yamelala tu. Hayajui mashimo."

"Mashimo yatayajulia huku," nikasema. "Serikali imeyaandalia."

Akacheka akanipiga begani. Tukaanza kuzunguka.

Sasa ndipo ilipokuwa taabu. Nikienda mbele ya gari, mkamwana anakwenda nyuma. Nikihamia mlango wa kulia, nasikia kandambili zinahamia kushoto. Nikisimama, naye anasimama, kitenge amekivuta mpaka usoni. Mimi natazama matairi, yeye anatazama taa za nyuma, gari liko katikati. Ambrose alituzungusha magari mawili namna hiyo, halafu akamvuta Ambwene pembeni, lakini sauti yake haijui kunong'ona.

"Kaka, samahani. Hawa wana kesi?"

"Kesi gani? Ni mkwe na mkamwana."

"Ehe. Sasa?"

"Hawaonani."

"Hawaonani! Na gari mnanunua moja?" Akajishika kichwa. "Nunua mawili kaka, nitakupunguzia."

Ambwene akacheka. Hata kule nyuma ya gari nikasikia mtu anabana kicheko. Nilifurahi kusikia hivyo, sijui kwa nini.

Gari la kwanza alilotusifia lilikuwa jeupe, linang'aa mpaka unaona meno yako mlangoni. Kiti kimevalishwa kava la manyoya, redio ina taa za bluu. Ambwene alikuwa ameshalipenda, nilimwona anavyoshika usukani kama anayeshika mkono wa mchumba. Mkamwana akaingia siti ya nyuma. Akakaa huko, mkono unapapasa chini ya kava. Kisha akatoka, akamnong'oneza mumewe.

"Mkanda wa katikati uko wapi?" Ambwene akauliza.

"Wa katikati?" Ambrose akashangaa. "Kaka, katikati anakaa mtoto, au mtu yeyote tu mnyonge."

"Katikati alikaa mama yangu."

Ambrose alikohoa, akainama mwenyewe akaanza kuvuta lile kava. Likatoka kwa shida. Chini yake kulikuwa na maganda ya karanga, kalamu, na pale pa kuchomekea mkanda pamezama kabisa kwenye sponji. Mkanda wenyewe ukavutwa, ukatoka wote ukalala sakafuni kama utumbo wa mbuzi, haukurudi.

"Huu unatengenezeka," Ambrose akasema.

"Na mwingine?" nikamuuliza. "Yule aliyekaa bila huu, naye anatengenezeka?"

Akasema, "Twende tukaone lingine, mzee."

La pili lilikuwa Noah, refu, lenye safu tatu za viti. Ambwene akachangamka upya. Akaja kwangu mbio kama alipokuwa mdogo anapoleta samaki.

"Baba, hili ndilo letu! Tazama. Mimi na mke wangu mbele. Katikati mtoto na mizigo. Wewe huko nyuma kabisa, peke yako kama askofu. Hamtaonana mpaka Matema!"

Kweli, nilivutiwa. Nilipanda nikakaa huko nyuma. Kulikuwa na nafasi, na mtu angeweza kunyoosha mguu. Nikatafuta mkanda. Palikuwa na kipande kifupi tu kimetoka ukutani, kimekatwa kwa kisu. Upande wa pili hivyohivyo. Aliyelimiliki kabla alikata mikanda akafungie magodoro.

"Aa, huko nyuma huwa wanaweka mizigo," Ambrose akasema.

"Mzigo ndiyo mimi."

"Sijasema hivyo mzee!"

"Umesema. Lakini si kosa lako, nimezoea kusikia."

Nikashuka. Ambwene aliuma midomo. Nilijua anachofikiri: kwamba babake ni mgumu na mkewe ni mgumu, na hawa watu wawili wasiozungumza wanafanana kuliko yeye anavyofanana nao.

Gari la tatu halikuwa hata kwenye mstari. Lilikuwa kwenye kona limefunikwa turubai, la kijivu, mlango mmoja umebonyea, halina redio. Ambrose hakutaka kutuonyesha. Mkamwana ndiye aliyekwenda akafunua turubai mwenyewe. Nikageuka nikatazama mashamba ya mpunga ng'ambo ya bati, nikawa nasikiliza tu. Nilisikia mlango. Nilisikia mkanda unavutwa kwa nguvu, ghafla, kama mtu anayeng'oa jino: tak. Ukakataa. Ukaachiwa, ukarudi wenyewe taratibu. Mwingine: tak. Na mwingine. Alivuta yote mitano, halafu akarudia ule wa katikati nyuma mara nyingi mpaka Ambrose akasema, "Dada, utaukata bure." Halafu Ambwene akawasha, taa za mifuko ya hewa zikawaka kwenye dashibodi, zikazima zenyewe kama inavyotakiwa.

"Hili," nikasikia mkamwana anamwambia mumewe. Kwa sauti ya kawaida, siyo ya kunong'ona.

Ambwene akalizunguka gari kwa huzuni. "Lakini lina viti vya watu watano, safu mbili tu. Baba atakaa wapi?" Akanijia. "Baba, tutafanya hivi. Tukisafiri wote, tutakukodia boda nzuri, na kofia ngumu, uwe unatufuata nyuma taratibu."

Hakuwa na nia mbaya.

"Sifuati tena gari lenye watu wangu," nikasema. "Sifuati, Ambwene. Nilishafuata moja."

Mimi nikaenda moja kwa moja mpaka kwenye lile la kijivu, nikafungua mlango wa mbele, nikakaa. Kile kioo kidogo cha kutazamia nyuma kilikuwa kinanionyesha siti ya nyuma. Nikakishika nikakigeuza kikatazama paa. Nikafunga mkanda.

"Twendeni tukalijaribu," nikasema kwa kioo cha mbele, maana sikuwa na mtu wa kumtazama.

Ambrose aliwatazama wenzake, safari hii hana mzaha. Halafu mlango wa nyuma ukafunguka. Gari likainama kidogo nyuma yangu. Nikasikia mkanda: tak.

*

Ambwene aliendesha, Ambrose akakaa nyuma ya dereva, mkamwana nyuma yangu. Mpunga ulikuwa umeanza kugeuka rangi na upepo wa ziwa ulikuwa unaulaza upande mmoja. Tulipita hata watu wanaotufahamu, nikaona wanasimama kutazama: mzee Zebedayo yuko ndani ya gari, na mkamwana wake humohumo. Nikajua mpaka jioni Ipyana nzima itakuwa imesikia.

Mbele kidogo Ambwene akasema anasikia mlio. Ambrose akasema hakuna mlio. Ambwene akasema upo. Wakasimama pembeni, wakashuka wote wawili wakabishane na injini. Boneti ikainuliwa. Ikafunika kioo chote cha mbele, sikuona tena mtu, nikawa natazama bati la kijivu. Tukabaki wawili, wote tunatazama upande mmoja, mgongo wa kiti changu uko katikati.

Nilitaka kusema, nikakosa pa kuanzia. Ni miaka ninamwitikia tu. Sijawahi kumwanza.

Akaanza yeye.

"Baba." Sauti ilikuwa karibu sana, haina ukuta mbele yake. "Nisamehe."

"Sema tu, mwanangu."

"Mama hakulala."

Nilishika mkanda kifuani kwa mikono miwili.

"Nilimweleza baba Marita yote," akaendelea, akimaanisha mumewe. "Yeye akaona ukiambiwa utaumia. Akasema tuseme alilala. Mimi sikupenda, lakini ningekuambia kwa mdomo wa nani? Mama hayupo."

"Alikuwa anafanya nini?"

"Alikaa katikati. Kulikuwa na mkanda mmoja tu unaofunga, akanifunga mimi, akanipiga tumbo hivi, akasema huyu ndiye abiria. Yeye akatafuta wake chini ya kava, hakuuona, akaacha. Halafu akawa hatulii, baba. Unamjua. Kila mara anageuka nyuma. Mwisho akapiga magoti kabisa juu ya siti kama mtoto, anatazama kioo cha nyuma. Dereva akamwambia, mama kaa vizuri. Akamjibu, 'Wewe endesha, mimi nina mtu wangu huko.'"

Nje Ambrose alikuwa anagonga kitu kwa bisibisi.

"Akawa ananisimulia," mkamwana akasema. "'Simwoni. Namwona sasa. Ee, kofia yake imeruka! Anashuka. Jamani, anaikimbiza majarubani, tazama anavyokimbia na goti lake lile bovu, na suruali ya harusi!' Anacheka mpaka anashika tumbo. Akaniambia, 'Geuka nawe uone, leo nakuruhusu.' Nikamwambia siwezi mama, ni mkwe. Basi hapo ndiyo akacheka zaidi. Akasema, 'Utakuwa umekosa jambo kubwa.' Alikuwa bado anacheka, baba. Hakuliona lori. Alikuwa ameligeuzia mgongo."

Ile kofia sijawahi kumwambia mtu. Ilikuwa pama mpya, nimeinunua kwa ajili ya harusi. Upepo uliichukua, nikamsimamisha kijana wa boda, nikashuka, nikaifukuza kwenye maji mpaka magoti, kijana wa watu ananisubiri. Ndiyo maana nilichelewa kufika. Nilikuwa najua hakuna aliyeniona pale ila Mungu na vyura. Kumbe alikuwepo mtu ananitazama njia nzima.

Nikatafuta mtu wa kumkasirikia, kama kawaida yangu. Walikuwepo wote: wa winchi, wa sare nyeupe, wa vioo vyeusi, aliyebandika stika. Sijawasamehe, wala leo siwasamehe. Mkanda ungekuwepo ungemshika, asingegeuka kunicheka pale, angenicheka nyumbani, na leo angekuwa ananicheka bado. Wao ndio walioninyang'anya. Lakini mle ndani ya gari kwa wakati ule hawakuwemo. Nilikuwemo mimi ninayekimbia majarubani na suruali iliyolowa, na Marita amepiga magoti ananitazama.

"Alicheka kwa sauti?" nikauliza.

"Kwa sauti, baba. Ile yake ya kukohoa mwishoni."

Sikuwa nimekifikiria kile kikohozi cha mwishoni tangu msiba. Nilikuwa nimekisahau, na sikujua kama nimekisahau. Nilifunika uso kwa viganja. Nyuma yangu yule binti alikuwa analia polepole, hajifichi, na mimi sikumtazama. Hakunigusa, sikumgusa. Tuliheshimiana vilevile.

Boneti ikashuka kwa kishindo, mwanga ukarudi. Ambwene alikuja dirishani kwangu anajifuta mafuta mikononi, na Ambrose nyuma yake.

"Ni kamba ya feni tu, baba, kitu kidogo." Akaniona uso. Akamtazama mkewe huko nyuma. Akaelewa, nikaona anavyoelewa, na alivyoogopa. "Baba... tulichukue hili, au tuache?"

"Lichukueni."

"Na utakaa wapi?"

"Hapa nilipokaa. Sasa rudini mkaitazame injini."

"Tumeshaitazama, baba. Ni kamba tu."

"Haijatazamwa vizuri."

"Mzee," Ambrose akaanza, "injini hii mimi naijua kama..."

"Kijana, nimesema haijatazamwa vizuri."

Ambwene alinitazama kidogo. Kisha akamshika Ambrose mkono, akamvuta. Boneti ikainuliwa tena, ikafunika kioo.

Nilingoja mpaka niliposikia wameanza kubishana huko mbele. Nikaegemeza kichwa kwenye kiti.

"Mkamwana," nikasema. "Pale alipopiga magoti. Anzia pale."